Mama Mkwe Anaamini Sioni

Mpendwa mshauri Penina, shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba uniwahi kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo mama mkwe wangu anapanda treni kurudi kwao Gulwe, na akiondoka kabla sijajua la kufanya basi aibu hii nitazeeka nayo.

Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, mtumishi wa serikali, naishi Nkuhungu na mke wangu Lea na binti yetu wa kwanza, Emilia, ambaye wiki hii ametimiza siku arobaini. Kwetu ni Tukuyu, mke wangu ni Mgogo, na kwa kuwa alipangiwa kujifungua kwa upasuaji mama yake alikuja mapema kumhudumia kama ilivyo ada, akatukuta tumepanga nyumba ya vyumba viwili na sebule, na sebule ndiyo njia ya kwenda jikoni, bafuni, chooni na nje, hakuna pa kuchepukia. Sasa mama huyu ni wa zamani, anashika mila alizokuzwa nazo, na kwa mila anazozishika yeye mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja na hawasemeshani, likiwepo neno linapita kwa mtu wa kati. Kwetu sisi anayekimbia ni mke wa mtoto, ndiye anayemkwepa baba mkwe wake, nimekua nikiwaona wake za kaka zangu wakijibanza nyuma ya migomba baba akipita, nikawa nacheka, sikujua kwamba Mungu ananiandalia zamu yangu.

Wiki ya kwanza baada ya kutoka hospitali nilipata tabu sana mshauri, nikirudi kazini nakohoa tangu getini ili mama apate kuingia chumbani, nikitaka maji ya kunywa nakohoa, nikitaka kwenda chooni nakohoa, mpaka jirani akaniuliza kama nimeshapimwa kifua. Muda mwingi nilikaa nje juu ya ndoo iliyofudikizwa, na upepo wa Dodoma unaujua, vumbi linaingia mpaka kwenye meno.

Ndipo kaka yangu Anthony aliporudi kutoka masomoni nje ya nchi akaniletea zawadi ya miwani ya michezo, ile wanayoiita VR, inaziba uso mzima kutoka kwenye paji hadi puani na unaifunga kwa mkanda kisogoni, ukiivaa unajikuta umo ndani ya mchezo wenyewe, unageuza kichwa na dunia ya mchezo inageuka, mikononi umeshika rimoti mbili. Jioni ya kwanza nilikuwa nayo usoni naendesha ndege, mama akatoka chumbani bila kujua nipo, akashtuka akataka kurudi, Lea akacheka akamwambia, "Mama pita tu, huyo hakuoni, kazibwa macho yote." Mama akasimama akamwambia Lea aniulize kama ni kweli, nikajibu, "Mwambie mama huku ni giza tupu, naona mawingu basi." Na siku hiyo ilikuwa kweli, nakuapia. Mama alifurahi sana, akasema katika umri wake wote hajaona mkwe anayejifunga macho mwenyewe kwa heshima, na tangu hapo ukawa ndio utaratibu wa nyumba, nikifika nakohoa mara moja, navaa miwani, mama anatoka, sote tunakaa sebuleni kwa amani, mimi mawinguni, yeye kwenye mkeka na mjukuu wake.

Tatizo ni kwamba miwani ile ina kamera. Ziko nne upande wa mbele, ukigonga ubavuni mara mbili mawingu yanafutika unaona chumba ulichomo, wameiweka hivyo ili mtu asijigonge kwenye meza. Wiki ya pili nikachoka na ndege nikaingia kwenye mchezo wa ngumi, na mchezo huo hauna uwanja wake, unatumia chumba chako, maadui wanatokea ukutani kwako na nyuma ya kabati lako, kwa hiyo muda wote nilikuwa naiona sebule nzima, kochi, pazia na mama mkwe. Nilitaka kusema, lakini nikaikumbuka ile ndoo na lile vumbi, nikajiambia nitasema kesho, na kesho yake nikajiambia hivyo hivyo.

Na hili sasa ndilo linalonikosesha raha. Siku moja niliwaangusha maadui hamsini bila kuguswa hata mara moja, nikawa nimerekodi, nikairusha video kwenye grupu la ofisini ili wanione. Haikupita dakika mbili Ludovick, mwenzetu wa kitengo cha kompyuta, akaandika, "Hongera bingwa, ila huyo mama nyuma ni nani?" Kuangalia vizuri, nikaona mama mkwe anapita na sufuria, kichwa wazi, nywele hazijasukwa, kitenge kimefungwa kifuani na mabega yako nje, kama mwanamke yeyote anavyokuwa akiwa ndani na anajua haonwi. Nilifuta haraka lakini watu kumi na mmoja walikuwa wameshaitazama, na asubuhi yake Ludovick akanivuta pembeni akaniambia kufuta kwenye grupu si kufuta kila mahali, akaniuliza kama miwani nimeiunganisha na simu, nikasema ndiyo, akaniuliza kama niliyasoma yale masharti niliyokuwa nakubali siku ya kuiwasha, nikakiri kwamba nilibonyeza tu ndiyo. Kwa hiyo hata sijui picha za mama wa watu ziko wapi hapa duniani.

Yeye hajui lolote. Wiki ya tatu nusura ajue, aliweka beseni la maji ya moto ya kumwogeshea mtoto katikati ya sebule, na mimi nikiwa katikati ya ngumi nikaliruka bila kuligusa hata kwa ukucha, mama akalitazama beseni, akanitazama, kisha akamwambia mtoto, "Emilia, baba yako fundi kweli, anaruka asichokiona." Nikamshukuru Mungu kwamba aliona ni ufundi. Tangu hapo hata mavazi amebadilisha, anakaa sebuleni na blauzi na kilemba na kitenge kingine mabegani, nadhani ni baridi hii ya mwezi wa saba, na anapenda kukaa amenielekea mimi huku anamwongelesha mjukuu wake kwa Kiswahili, ingawa na Lea wanaongea Kigogo ambacho mimi sikijui, nadhani anamzoesha mtoto kwa ajili ya shule. Na anavyompenda! Anamsimulia kila kitu cha nyumba hii. "Emilia, mama yako tangu asubuhi hajanyoosha mgongo. Emilia, baba yako ana mikono ya nguvu, tazama anavyoipiga hewa, hewa ingepumzishwa kidogo akakubeba wewe. Emilia, bibi anaondoka Jumamosi, hizi ndoo za maji sijui atabeba nani, labda mama yako na mshono wake." Mambo ya bibi na mjukuu, mwenyewe huwa nacheka humo humo ndani ya miwani.

Juzi Lea kaniambia mama amepiga simu Gulwe niletewe jogoo mwekundu, kwamba hajapata kuona mkwe anayeyaheshimu macho yake kama mimi, na akifika atawasimulia akina mama wa kanisani. Mshauri, huyu mama nampenda. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa kidato cha pili, na siku Lea alipoingizwa chumba cha upasuaji mama huyu alikaa upande wa pili wa mlango wa wodi, hata siku ile hakutaka kuvunja heshima, akampa nesi kanga yake aniletee nifute machozi. Nikimwambia ukweli naona hatakanyaga tena kwangu na Lea atavunjika moyo, na nisipomwambia yule jogoo nitamla vipi? Ludovick anasema nikae kimya, kaka Anthony anasema nidanganye kwamba kamera zimeanza kufanya kazi leo. Nimwambie au nisimwambie, na kama ni kumwambia, nitamwambia kwa mdomo gani wakati hata kumsemesha siruhusiwi?

Ni mimi,
Mkwe wa Giza Tupu, Nkuhungu.

PENINA ANAJIBU

Marahaba, baba Emilia. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanipalia, mara ya pili nikakasirika. Nitaanza na hasira kwa sababu bado ni ya moto.

Mama yule alikuuliza. Kwa heshima zake zote, kupitia kwa binti yake, alikuuliza kama unamwona, na jibu lako ndilo lililomfanya atoke chumbani kichwa wazi. Siku uliyobadilisha mchezo jibu lile lilikuwa limeshakuwa uongo, ukaliacha liendelee kufanya kazi kwa sababu ndoo ni ngumu na vumbi linaingia menoni. Kisha ukaenda kutafuta sifa. Ulitaka ofisi ione ngumi zako, ukaionyesha mabega ya mama mkwe wako. Watu kumi na mmoja, mwanangu! Hata jina lake hawalijui. Usiniambie hukukusudia, najua hukukusudia, na mama bado ameonwa.

Mimi si fundi wa hivyo vyombo, kwa hiyo nimemuuliza Munira, binti anayetupangia kurasa hizi, ambaye naye hucheza michezo hiyo. Anasema kamera za miwani ya namna hiyo kwa kawaida hukitazama chumba wakati wote, ndivyo zinavyojua ukuta uko wapi na wewe umesimama wapi, hata kama mwenyewe unaona mawingu. Picha zikibaki humo ndani au zikisafiri, inategemea ni miwani gani na ulikubali nini siku ya kuiwasha, na wewe siku hiyo ulijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama bwana harusi mwenye njaa. Kwa hiyo hata jioni ile unayoapa kwamba ilikuwa giza tupu, giza lilikuwa la kwako peke yako.

Haya, nimepumua. Sasa turudi kwenye kicheko.

Umeandika kwamba mama mkwe hajui lolote. Baba Emilia, barua yako ni ndefu kama reli ya kwenda Kigoma, ushahidi wote umeupanga humo mstari kwa mstari, na wewe uliyeupanga hujauona. Uliruka beseni la maji ya moto. Kipofu gani anaruka beseni? Unadhani mama aliyelea watoto na kuchunga mbuzi miaka yote hiyo hawezi kumjua anayejifanya haoni? Tangu siku ile kichwa kikapata kilemba na mabega yakapata kitenge cha pili, na wewe ukausingizia mwezi wa saba.

Na hicho Kiswahili? Mtoto wa siku arobaini anazoeshwa shule gani hiyo? Akiwa na binti yake anaongea Kigogo, lakini ikifika habari ya mgongo wa Lea, ndoo za maji na mikono inayopiga hewa, ghafla kichanga kinahutubiwa kwa Kiswahili kilichonyooka, na anayehutubia amekaa amekuelekea wewe. Mwenyewe umeniambia hasemeshani nawe mpaka apatikane mtu wa kati. Amempata. Mtu wake wa kati hana hata jino moja, lakini kazi yake ameifanya kila jioni bila kukosa, ujumbe umefikishwa mpaka puani kwako, na wewe uko ndani ya miwani unacheka na kuzipiga ngumi za hewa!

Ningekuwa jirani yako ningekuja kuivua hiyo miwani kwa mwiko.

Lakini nilipomaliza kucheka niliwaza jambo moja, na ningependa na wewe uliwaze. Mama amejua kwa wiki kadhaa kwamba unamwona. Angeweza kupiga kelele siku ile ile ya beseni. Angeweza kufungasha akaondoka na Lea akabaki na kidonda chake. Hata binti yake, kwa ninavyosoma, hajamwambia. Amejifunika, ameendelea kumwogesha mwanao, ameendelea kukusifu, na ameagiza jogoo. Kama huyo jogoo ni utani au ni msamaha mimi sijui, kwa mama wa aina yake huenda ni vyote viwili. Ninachokijua ni kwamba amekusitiri. Na wewe uliyepaswa kumsitiri ulimrusha kwenye grupu.

Hilo la grupu ndilo asilolijua, na ndilo utakalolisema. Ludovick amekushauri vibaya na Anthony amekushauri vibaya zaidi. Kamera zimeanza leo! Mtu ambaye ameshakusamehe uongo mmoja unampelekea wa pili aubebe kwenye treni?

Leo ukitoka kazini mwambie Lea kila kitu. Huyo ni mama yake na hiyo ni sebule yake, na yeye ndiye aliyesema "pita tu, hakuoni" kwa kukuamini wewe. Atakasirika. Mwache akasirike, usimkatize kwa kueleza mchezo unavyochezwa. Mkimaliza, kaeni wote wawili mfute video hiyo kwenye miwani, kwenye simu na popote simu inapotunza picha zako, na ile mipangilio uliyoikubali bila kusoma muisome na kuzima kila kinachopeleka picha za nyumba yenu nje. Ludovick akiona haya kwa ushauri wake, akusaidie hapo. Kisha waandikie wale kumi na mmoja, mmoja mmoja, kwamba yule ni mama yako na unawaomba wafute. Andika mama yangu. Kuona haya utaona, na ndiyo sehemu yako ya adhabu. Inawezekana mmoja wao ameshaihifadhi na hutajua kamwe, sitakudanganya kwamba kila kilichotoka kinarudi.

Miwani yenyewe sikuambii uitupe. Ichezee chumbani, mlango umefungwa, na siku yoyote utakayoitoa sebuleni, mwambie kila aliye humo kwamba kitu hiki kina macho, kabla hujakivaa. Akisema hapana, jibu lake lisikupe nongwa.

Ndoo za maji zijazwe kesho asubuhi kabla hujaenda kazini, zote, na ile ya kukalia nayo igeuzwe ijazwe. Ukifika ofisini omba likizo, hata ya siku chache, uanze Jumatatu, maana bibi akiondoka hiyo mikono ya nguvu ndiyo itakayobaki. Haya si ushauri wangu, yanasemwa nyumbani kwako kila jioni.

Sasa umeniuliza utasema kwa mdomo gani. Mama ameshakuonyesha. Ijumaa jioni kohoa getini kama kawaida yako. Ingia uso wazi, angalia chini, mchukue Emilia kutoka kwa mama yake na ukae pale mlangoni umempa bibi mgongo. Kisha sema na mwanao kwa sauti ya kusikika, "Emilia, mwambie bibi baba alikuwa anaona. Mwambie baba alirekodi, na watu wa ofisini wakamwona bibi akiwa hajajiandaa kuonwa. Mwambie baba amefuta alichoweza kufuta na anaomba radhi. Mwambie aliyosema kuhusu mama yako baba ameyasikia, amechelewa, lakini ameyasikia." Usiongeze neno. Usieleze habari ya kamera nne.

Bibi anaweza kunyamaza. Anaweza kukasirika kweli kweli, na ana haki, na jogoo anaweza kubaki Gulwe. Anaweza pia kumjibu Emilia, kwa Kiswahili, na hapo usikilize mpaka mwisho. Na mtoto akianza kulia katikati ya maneno yako, usiinuke kumrudisha kwa mama yake. Mbembeleze mwenyewe. Bibi yake anaangalia.